Shangazi Mbele ya Kamera ya Flashi

Shangazi yangu ni mpiga picha, na mtaani wanamwita Geuka Kidogo. Jina hilo hakupewa na mtu. Lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Kila anayeketi kwenye stuli yake ya kuzunguka, awe mwanafunzi anayetaka picha ya kitambulisho au mzee anayetaka picha ya kuning'iniza sebuleni, huambiwa, "Geuka kidogo. Kidogo tu. Hapo hapo, tulia." Ukigeuka kama anavyotaka, pua iliyokukera tangu utotoni inashika adabu, kidevu cha pili kinajiondokea kimyakimya, na unatoka pichani ukiwa wewe yule yule, ila kama uliyelala vizuri. Hata kwenye picha za vitambulisho, ambazo lazima mtu atazame mbele, ana ujanja wake wa kuinua uso na kusogeza taa.

Studio yake ni chumba kimoja kirefu. Mwisho kuna pazia la kijivu, na taa mbili zenye miavuli myeupe. Ukutani kuna kioo, na chini ya kioo kichana kilichofungwa kwa kamba kisije kikaondoka na mteja. Karibu na mlango, kwenye msumari, limetundikwa koti jeusi lenye tai mfukoni, kwa ajili ya wanaume wanaokuja na fulana lakini wanataka kutokea kama wakurugenzi. Koti hilo limevaliwa na nusu ya mtaa. Ukivipanga vitambulisho vyetu mezani utadhani sote tumeajiriwa na tajiri mmoja.

Ng'ambo ya barabara kuna studio nyingine, ya bwana mmoja mnene, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Yeye anaitwa Flashi. Hana miavuli wala pazia. Ana ukuta mweupe na mwanga mmoja tu, ule unaokaa juu ya kamera, na anaurusha usoni mwa mtu kama anayemwagia maji mlevi. Picha zake hazina huruma. Kila kipele kinaonekana, kila kunyanzi, na macho yanatoka kama ya mtu aliyefumaniwa. Watu husema ukipigwa picha na Flashi, hata mama yako mzazi ataomba ushahidi. Wanaokwenda kwake ni wenye haraka.

Kwa miaka mingi wawili hao walirushiana maneno kutoka varanda hadi varanda.

"Jirani!" Flashi angepaza sauti. "Leo umemgeuza nani tena? Angalia usije ukamgeuza mtu mpaka tukaona kisogo!"

"Heri kisogo changu kuliko uso wako!" Shangazi angejibu bila hata kuinua kichwa.

Mtaa mzima ulikuwa ukifurahia ugomvi huo. Flashi hakuwahi kujua kwamba hodari huyo wa maneno alikuwa na jambo moja ambalo lingetajwa tu, angenyamaza. Hakujua kwa sababu hakuwahi kumwona Shangazi bila skafu. Karibu hakuna aliyewahi kumwona.

Chini ya skafu kulikuwa na masikio yaliyotokeza pembeni kama milango ya kabati iliyoachwa wazi. Ule ukunjo wa juu wa sikio, ambao watu wengi wanao na hawajui kama wanao, yeye hakuwa nao. Sikio lilisimama bapa na kutazama mbele. Shuleni walimwita Kombe, kwa sababu kombe la mpira lina mikono miwili ya kushikia. Darasa lao likishinda, wavulana walimzunguka wakijifanya wanataka kumnyanyua kwa masikio wamkimbize kuzunguka uwanja. Shangazi husimulia hayo huku akicheka, na wengine tukicheka naye, lakini zamani alipocheka mkono wake ulikuwa ukienda wenyewe kwenye skafu.

Bibi, mama yake, alijaribu alivyoweza. Alimfunga kitambaa kichwani kila alipokwenda kulala. Alibandika plasta nyuma ya masikio. Asubuhi plasta ilipobanduliwa, masikio yalirudi palepale, na nywele kadhaa zikaondoka na plasta. Mwisho Bibi aliamua kugawa lawama.

"Mimi nilikupa pua hiyo nzuri," alizoea kusema. "Masikio kamuulize baba yako."

Basi Shangazi alikua, akajifunza kazi ya kupiga picha, akafungua studio. Katika albamu zetu za nyumbani yumo kila mtu isipokuwa yeye. Ukiuliza, anakuambia, "Sasa nani angepiga?" Ni jibu zuri, na lilitutosha kwa muda mrefu.

Siku moja alikuja muuguzi kupiga picha ya beji ya kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, aliyekaa kwenye stuli kama mtu aliyeacha wagonjwa foleni. Shangazi aliinama kuchomeka waya wa taa, skafu ikanasa kwenye mguu wa taa, ikamtoka kichwani. Aliikamata haraka, lakini muuguzi alikuwa ameshaona.

"Dada," muuguzi alisema, "hayo masikio yanakusumbua?"

"Yanasikia vizuri."

"Sikuuliza kama yanasikia."

Shangazi aliifunga skafu upya, fundo moja, fundo la pili. "Inua uso," alisema. "Geuka kidogo."

Muuguzi alipigwa picha, akasubiri zichapwe, na wakati Shangazi anazikata kwa kile kisu cha kubonyeza chenye mpini, akaendelea palepale alipoachia. Yeye alifanya kazi kliniki ya upasuaji. Kulikuwa na daktari bingwa anakuja kuwafundisha wenzake namna ya kurekebisha masikio, tangu ya vichanga mpaka ya watu wazima. Angekaa wiki chache tu, na angechagua wagonjwa wachache. Kabla ya kuwaona, alitaka picha zao: mbele, ubavu huu, ubavu ule, na nyuma.

"Na picha," muuguzi alisema akicheka, "sidhani kama wewe zitakushinda."

Jioni ile Shangazi alikuja nyumbani kwetu kabla hata chai haijachemka. Alikaa ukingoni mwa kiti na kulieleza jambo lote kwa pumzi moja. Baba, ambaye ni kaka yake mkubwa, aliweka gazeti chini.

"Umri huu?" alisema. "We mtoto, masikio yenyewe yameshakuzoea."

"Yenyewe yamenizoea, kaka. Mimi sijayazoea."

"Kukatwa si mchezo."

"Najua si mchezo. Kufunga skafu kwenye joto hili kila siku ya Mungu nako si mchezo. Sijawahi kukaa saluni nikaoshwa nywele mbele za watu. Sijawahi kuogelea. Upepo ukivuma mimi nashika kichwa kama niliyebeba mayai." Alishika fundo la skafu. "Nataka, kaka. Basi. Nataka."

Baba alilichukua tena gazeti. Bibi ndiye aliyesema, kutoka kwenye kona yake. "Kama linafanyika, lifanyike. Mimi plasta yangu ilishindwa."

Kesho yake Shangazi alifunga studio mchana, akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akavua skafu, akajipiga picha nne. Alizituma kwa simu ya muuguzi bila kuzitazama mara mbili, kwa sababu alijua akizitazama atazifuta.

Majibu yalikuja asubuhi iliyofuata, akiwa na mteja.

"Dada, wamezikataa," muuguzi alisema kwenye simu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema masikio hayo ni ya kawaida. Wanasema hakuna cha kurekebisha, nafasi apewe mwingine. Hata mimi nimezitazama nikajiuliza kama siku ile niliona vizuri. Umezifanyia nini hizi picha?"

"Sijazifanyia kitu! Wallahi sijagusa!"

"Basi tuma nyingine leo. Kesho asubuhi daktari anamaliza kuchagua, na akishaondoka hapa hatuna mwingine wa kazi hiyo."

Shangazi alimwomba radhi mteja, akazifungua picha kwenye kompyuta. Alizitazama kama anavyotazama kazi ya mtu mwingine, na ndipo alipoona. Aliyekuwa pichani alikuwa mwanamke mzuri, ametulia, mwenye masikio yasiyo na neno. Kamera alikuwa ameiweka karibu, pale ambapo vitu vya pembeni hurudi nyuma na kupungua. Uso ulikuwa umeinuka kidogo na kugeuka, si sana, unene wa ukucha tu. Taa ya kulia aliishusha, hivyo sikio moja lilizama gizani. La pili lilifunikwa na nywele alizokuwa amezichambua kwa vidole, bila kukumbuka kwamba alizichambua. Hata ile ya nyuma, mabega yalikuwa yamepanda na kola imesimama.

Hakuwa amekusudia. Mikono yake tu ilifanya kile ilichokuwa ikiwafanyia watu wote kwa miaka yote hiyo.

Alijaribu tena. Safari hii aliirudisha kamera nyuma na kujiapiza asiguse taa. Alipofungua picha alikuta uso umeinuka vilevile. Akajaribu tena, akijishika kidevu mpaka dakika ya mwisho. Uso ukakaa sawa, masikio yakaonekana, akashusha pumzi; halafu akashtuka kukuta mkono wake uko kwenye kipanya cha kompyuta, unatia kiza kingo za picha, taratibu, kama mtu anayepiga pasi huku anaota.

Alikaa kwenye stuli ya wateja. Nje, ng'ambo, Flashi alikuwa akimwambia mtu kwa sauti, "Usitabasamu! Nani kakwambia utabasamu? Haya, tayari, nenda!"

Shangazi alivaa skafu, akavuka barabara.

Flashi alimwona anakuja akajiweka sawa mlangoni, mikono kiunoni. Wiki ile alikuwa ameweka kibao kipya kilichoandikwa PICHA ZA KWELI, na alidhani ugomvi ni huo.

"Kibao sikitoi," alisema kabla ya salamu.

"Sijaja kwa ajili ya kibao. Nimekuja kupigwa picha."

"Na nani?"

"Na wewe."

Flashi alitazama nyuma ya Shangazi, barabarani, kuona ni nani aliyemtuma na nani anacheka. Hakukuwa na mtu. "Kamera yako imekufa?"

"Kamera nzima. Mwenyewe ndiye mbovu. Jirani, nataka picha kama zile unazopiga kila siku."

"Hiyo ni sifa au tusi?"

"Siku zote ni tusi. Leo ni sifa. Funga mlango."

Flashi alifunga mlango. Shangazi akasimama mbele ya ukuta mweupe, akafungua fundo la kwanza, la pili, akaivua skafu na kuikunja mkononi. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu yeyote asiye wa nyumbani: alizikusanya nywele zote akazifunga juu.

Flashi, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, alisimama na kamera kifuani.

"Kumbe," alisema mwishowe.

"Kumbe nini? Sema tu, nimeshasikia yote."

"Kumbe una nywele nyingi hivyo, na unatubania kwa skafu."

Shangazi alijikuta anataka kulia na kucheka kwa wakati mmoja, akajizuia yote mawili. Alimweleza kwa kifupi habari ya daktari, na picha zilizokataliwa. Flashi alisikiliza bila kuingilia. Kisha aliinua kamera, akafumba jicho moja, akaishusha, akakohoa.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo ambayo Shangazi hakujua kama anayo, "labda... geuka kidogo?"

"Flashi!" Shangazi aliruka. "Ole wako! Leo ndiyo umejifunza adabu? Nipige kama unavyowapiga wenzangu! Piga kama una deni langu!"

Flashi alianza kucheka, tumbo likacheza, na akiwa bado anacheka akamrushia ule mwanga wake usoni. Mbele. Ubavu. Ubavu mwingine. Nyuma. Haikuchukua hata muda wa kumenya chungwa.

Picha zilikuwa za kutisha. Masikio yalijaa pichani kama ndiyo yaliyokuja kupigwa picha na Shangazi ameyasindikiza. Alizitazama kwa muda, na badala ya kuzifuta akasema, "Jirani, hii ndiyo kazi bora umefanya maishani mwako." Wakazituma kutoka simu ya Flashi palepale.

Muuguzi alipiga simu kabla Shangazi hajamaliza kuvuka barabara kurudi. "Njoo kesho," alisema. "Daktari amesema uje, akuone mwenyewe."

Daktari alikuwa mwanamama mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo, na madaktari vijana wakimfuata nyuma kama vifaranga. Alikuwa amefungua picha zote kwenye kompyuta yake, za Shangazi upande huu, za Flashi upande ule.

"Mama, huyu wa kwanza ni nani?" aliuliza. "Pacha wako?"

"Ni mimi, daktari. Kazi imenizidi nguvu."

Daktari alicheka, kisha akawa mtu wa kazi. Alilikunja sikio kwa vidole viwili na kulisukuma nyuma kidogo, akamshikia kioo. "Tazama. Ukunjo huu hukuzaliwa nao. Nitapasua nyuma, mahali ambapo kovu litajificha, niikunje gegedu, ule mfupa laini wa sikio, niifunge kwa nyuzi ikae hivi. Kusikia kwako hakutaguswa." Aliyachunguza matundu ya zamani ya hereni, ambayo Shangazi alitobolewa utotoni na hakuwahi kuyatumia, akayabonyeza kuona kama kovu liliwahi kuvimba. Halikuwahi. Hilo lilimfurahisha, kwani wapo ambao kila kovu huwaotea uvimbe. Halafu alimweleza mabaya bila kumficha: damu inaweza kukusanyika, kidonda kinaweza kuingia usaha, masikio yanaweza yasifanane kabisa, na mara nyingine uzi hulegea na sikio likarudi kiasi.

"Masikio ya nani yanafanana kabisa?" Shangazi aliuliza. "Mimi nimepiga picha mji mzima, sijayaona."

Bibi, aliyekuwa amemsindikiza, aliuliza, "Daktari, mimi nilimfunga kitambaa na plasta. Nilikosea wapi?"

"Alikuwa na umri gani, mama?"

"Alikuwa ameshaanza shule."

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu naye. Alimweleza kwamba sikio la kichanga huwa laini kama unga uliokandwa, wiki zake za kwanza tu. Wakati huo linaweza kuelekezwa kwa kijiti laini na plasta, bila kisu, na likakaa. Zikishapita wiki hizo gegedu inakaza, na kitambaa hakisaidii tena. Inabidi kusubiri mtoto akue kidogo apasuliwe.

"Kwa hiyo nilichofanya kilikuwa sawa," Bibi alisema polepole. "Nilichelewa tu."

"Hata hospitali wakati ule wangekuambia usubiri, mama. Hukuwa na wa kumuuliza."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Njiani kurudi alitembea amemshika Shangazi mkono, na kwa mara ya kwanza hakumtaja babu kwenye habari ya masikio.

Siku ya upasuaji Shangazi alichomwa sindano ya kutuliza na ganzi kuzunguka masikio, lakini hakulala kabisa. Husimulia kwamba hakusikia maumivu, alisikia sauti. Mkasi karibu kabisa na kichwa, kama fundi anayekata kitambaa kigumu. Uzi ukipita, ukivutwa. Daktari akiwaambia vijana wake, "Si kubana mpaka lilale kichwani. Likilala kabisa litaonekana la kubandika. Liacheni lipumue." Shangazi, aliyekuwa ameelea kati ya usingizi na kuamka, alifikiria kwamba angekuwa mpiga picha, mama huyu angekuwa mzuri sana.

Alirudi na bandeji nyeupe kuzunguka kichwa kizima.

"Umekuwa kama jeruhi wa vita," Baba alisema alipomwona.

"Wa vita nilivyoshinda," Shangazi alijibu.

Usiku uliofuata sikio la kushoto lilianza kugonga kama mtu yuko ndani anataka kutoka. La kulia lilikuwa limetulia. Zamani Shangazi angevumilia na kunyamaza; kunyamaza kuhusu masikio ndiyo kazi aliyoifanya muda mrefu kuliko zote. Lakini muuguzi alikuwa amemwonya kwamba upande mmoja ukiuma kuliko mwenzake, asikae nyumbani. Asubuhi kulipopambazuka tu alikuwa kliniki. Wakafungua, wakakuta damu imekusanyika chini ya ngozi, wakaitoa, wakafunga upya. "Umefanya vizuri kuja," muuguzi alisema. "Ungengoja, sikio lingeharibika umbo."

Ilipofika siku ya kutoa bandeji kabisa, tulikwenda wengi kuliko chumba kilivyoruhusu. Daktari aliizungusha bandeji raundi baada ya raundi. Masikio yalikuwa yamevimba, yana weusi wa kuchubuka, na nyuma yamejaa nyuzi. Lakini yalikuwa yamekaa. Yalikaa pembeni mwa uso wake kama ya mtu yeyote, na juu yake kulikuwa na ule ukunjo mdogo, kulia na kushoto.

Shangazi alipewa kioo. Kwanza alijitazama uso mzima. Kisha, kwa mazoea, akainua kidevu na kugeuka kidogo. Akasimama hapo. Akarudisha uso mbele, polepole, mpaka akajitazama sawasawa. Aliweka kioo mapajani, akakitwaa tena, akatazama mara ya pili kuhakikisha hakijamdanganya. Halafu akapiga kelele moja ambayo ilimfanya mgonjwa wa chumba cha pili aulize kama kuna harusi. Bibi alijibu kwa vigelegele, muuguzi akajaribu kutunyamazisha na mwenyewe akashindwa kuzuia kicheko. Baba alikwenda dirishani akatazama nje kwa muda mrefu. Baadaye alidai ni vumbi.

Kwa wiki kadhaa alilala na utepe mpana kichwani, kama alivyoagizwa. Uvimbe ulipungua, nyuzi zikatolewa. Kisha daktari, kabla ya kuondoka, akaomba picha za mwisho, kwa sharti moja: kamera ile ile, ukuta ule ule, mwanga ule ule.

Kwa hiyo Shangazi alivuka tena barabara. Safari hii alivuka mchana kweupe, nywele zimefungwa juu ya kichwa, hereni ndefu zikicheza shingoni, bila skafu. Muuza matunda alisimama na kisu hewani. Fundi cherehani akaacha kukanyaga. Mtu mmoja akauliza, "Huyo si Geuka Kidogo?" na mwenzake akajibu, "Ni yeye, lakini ana kitu. Sijui amepunguza mwili?"

Flashi alimpiga picha nne kwa ukatili wake ule ule. Alipozitazama alinung'unika. "Zimetoka nzuri," alisema. "Watu watadhani nimeanza kubembeleza wateja."

Miezi michache baadaye ni Flashi aliyevuka. Alikuja na mkewe, na mkononi amebeba mtoto wa kike aliyezaliwa wiki ile ile, amefungwa kwenye shali kama mkate wa moto.

"Mwanangu siwezi kumpiga mwenyewe," alisema, na ilionekana maneno hayo yanamtoka kwa shida. "Namjua huyu mpiga picha. Hana huruma."

Shangazi alicheka, akasogeza taa, akamlaza mtoto kwenye mto. Flashi aliinama akamnong'oneza. "Ila mgeuze kidogo. Upande huu sikio lake limejikunja. Lisionekane."

Shangazi aliondoa shali. Ncha ya sikio ilikuwa imeanguka mbele, imejikunja kama ukurasa wa kitabu. Aliligusa kwa ncha ya kidole. Lilikuwa laini kama alivyoambiwa, likifuata kidole popote kilipokwenda.

Alifunga kamera.

"Simpigi," alisema.

"Tumekukosea nini, dada?" mke wa Flashi aliuliza.

"Hamjanikosea. Mna wiki chache tu, na mmekuja siku nzuri. Twendeni kliniki sasa hivi, picha itangoja. Sikio hili halihitaji kisu."

"Lakini nimefunga studio kwa ajili ya picha!"

"Basi imeshafungwa, tembea!"

Muuguzi aliwapokea mlangoni. Mmoja wa madaktari vijana waliofundishwa na yule mwanamama aliweka kijiti laini kwenye mkunjo wa sikio, akalibandika kwa plasta ndogo, na mtoto hakuamka. Wazazi walionyeshwa namna ya kulitunza na lini warudi. Kwa majuma yaliyofuata Flashi aliiangalia plasta ile kuliko alivyowahi kuangalia kamera. Ikibanduka ukingo tu, alikuwa barabarani anakimbilia kliniki na mtoto kifuani.

Plasta ilipotolewa kwa mara ya mwisho, sikio lilibaki wima, limefunguka, zima. Siku hiyo hiyo walirudi kwa Shangazi. Alimketisha mtoto mapajani mwa mama yake, akaziwasha taa zote mbili, akampiga uso mbele, masikio yote mawili yakionekana. Hakumwambia yeyote ageuke.

Flashi aliikuza picha hiyo akaitundika dirishani kwake, chini ya kile kibao chake. Watu walisimama kuitazama. Mmoja aliuliza ni nani aliyeipiga, na Flashi akavimbisha kifua.

"Nani mwingine?" alisema. "Mimi."

"Mwongo!" ilipigwa sauti kutoka ng'ambo. Shangazi alikuwa varandani kwake, nywele juu, hereni zinameta, mikono kiunoni. "Mwongo mkubwa! Muulizeni taa kaipata wapi!"

Flashi alicheka mpaka akashika ukuta. Upepo ukapita barabarani, ukabeba vumbi na karatasi, na Shangazi aliendelea kumtukana bila kushika kichwa.